Kufuma sweta, kofia na blanketi la mtoto la kumpa rafiki zawadi: mwongozo kamili

Zawadi ya kufuma kwa mkono huharibikia pale pale kila mara: kwenye saizi na kwenye kufua. Mfumaji anapima kichanga cha siku tatu, kazi inachukua mwezi na nusu, na siku mfuko unapofunguliwa sweta halipiti mabegani. Au uzi ulikuwa laini, wa rangi ya kuvutia, ukapigwa pasi ya makaa wiki ya kwanza na kulala bapa usirudi tena. Kwa hiyo hapa uzi tunauchagua kwa kuangalia utakavyofuliwa, na vazi tunalipima kwa mtoto wa miezi 3 hadi 6, si kwa mtoto aliyezaliwa jana.

Fikiria pasi kabla ya rangi

Uganda nguo za mtoto hupigwa pasi, na si kwa ajili ya unadhifu tu. Nzi wa embe hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa kwenye nyasi, hasa zikiwa na harufu ya mkojo au jasho. Baada ya siku 1 hadi 3 mayai huanguliwa, funza hupenya kwenye ngozi ya mvaaji na kutoa kitu kama jipu. Pasi ya moto huua mayai hayo na funza wake. Shida ni kwamba nyuzi nyingi za kufumia zinazouzwa kwa bei nafuu ni akriliki, nayo akriliki ni plastiki. Ikiguswa na pasi ya moto hupoteza mnyumbuko, hung'aa, hulegea, wala hakuna namna ya kuirudisha.

Pamba ndiyo inayovumilia pasi. Haimpi mtoto joto kupita kiasi, hainyonyoki manyoya, na inastahimili maji ya moto. Ubaya wake: ni nzito, inachelewa kukauka msimu wa mvua, na haina mnyumbuko, hivyo ukingo wa kofia ukifumwa kwa pamba huachia baada ya kufuliwa mara chache.

Akriliki ni nyepesi, inakauka upesi, na haileti taabu kwenye beseni. Ifae tu kwa mama ambaye una hakika nguo zake hazianikwi nje, au atakubali kuzikausha ndani. Sufu halisi inatunza joto kuliko zote, lakini maji ya moto, sabuni na kusugua vikikutana huigandisha: sweta la miezi 6 linatoka kwenye beseni likiwa saizi ya mwanasesere. Kama anayefua si mama mwenyewe, sufu usiitumie. Mchanganyiko wa pamba na akriliki, nusu kwa nusu, ni chaguo zuri la katikati kwa kofia na soksi, ila pasi yake iwe ya vuguvugu na juu yake kuwe na kitambaa cha pamba kilicholoweshwa.

Pa kwenda zawadi pia pana neno. Kabale, Kisoro au Kapchorwa usiku ni baridi kweli, na sweta zito litavaliwa. Gulu, Arua au Moroto mtoto akivishwa akriliki nene mchana atatoa vipele vya joto. Huko fuma pamba. Kampala sweta huvaliwa asubuhi, jioni na siku za mvua, na hutupiwa kwenye boda, kwa hiyo liwe la kufunguka mbele ili livuliwe haraka.

Kununua uzi

Uzi unaotumika katika mwongozo huu ni wa unene wa kati, ule ulioandikwa DK kwenye karatasi yake, unaofumwa kwa sindano za milimita 4. Kikuubo na Owino, masoko ya Kampala, utakuta madonge mengi yasiyo na karatasi, au karatasi inasema jambo moja na uzi ni jambo lingine. Kata sentimita 10, ushike kwa koleo, uuwashe juu ya sahani ya bati. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Akriliki huyeyuka na kuacha kishanga cheusi kigumu. Ikiacha jivu pamoja na vishanga, ni mchanganyiko.

Jaribio la pili ni la rangi. Loweka kipande cha uzi kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, kikunje ndani ya kitambaa cheupe, kikandamize kwa dakika kumi. Ikiacha alama, usiutumie pamoja na nyeupe, na kwa kweli usiutumie kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Uzi wenye manyoya marefu nao uache dukani hata kama ndio mzuri kuliko wote: manyoya hunyonyoka na kuishia puani na kooni.

Nunua uzi wote wa kazi moja kwa siku moja. Madonge ya rangi moja yaliyopakwa rangi kwa nyakati tofauti hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo haionekani dukani chini ya taa; inaonekana juani, katikati ya blanketi. Karatasi ikiwepo, linganisha namba ya rangi na namba ya awamu ya upakaji. Ikiwa huna hakika, fuma mistari miwili kutoka donge moja na miwili kutoka jingine, zamu kwa zamu, tofauti itapotea.

Kiasi cha kununua:

- Blanketi la sentimita 75 kwa 75: akriliki gramu 300 hadi 350, pamba gramu 400 hadi 450.
- Sweta la miezi 3 hadi 6: akriliki gramu 120, pamba gramu 150.
- Kofia: gramu 50 zinatosha na kubaki.

Wapo wanaofumua sweta za mivumba (mitumba) ili kupata uzi mzuri wa sufu au pamba kwa bei ndogo. Inawezekana, lakini geuza sweta ndani uangalie mishono ya ubavuni kwanza. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine ya kuzungushia, uzi utatoka vipande vya nusu mita. Chukua tu lile ambalo kingo zake zimefumwa zikaishia zenyewe. Likishafumuliwa, funga uzi katika kitita, ufue, uutundike na kitu kizito chini mpaka mawimbi yanyooke. Usipoyanyoosha, mishono itatoka mikubwa na midogo.

Sindano na kipande cha kupimia

Jozi ya milimita 4 na jozi ya milimita 3.25 zinamaliza karibu kazi zote hapa. Sindano kuukuu zina namba za Kiingereza za zamani, ambako namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Sindano za Marekani zinakwenda kinyume, na namba 8 yao ni milimita 5. Kosa hilo moja linatosha kufanya sweta la mtoto limfae kaka yake. Spoki ya baiskeli, ambayo wasichana wengi wamejifunzia, ina unene wa milimita 2 hivi. Ni nyembamba mno kwa uzi huu.

Kwa blanketi tafuta sindano zilizounganishwa kwa waya, urefu wa sentimita 80. Hazizungushi kazi, unafuma nenda rudi kama kawaida, ila uzito wote unalala mapajani badala ya kuning'inia kwenye viganja.

Maneno machache ili tuelewane. Mshono wa wazi ni ule ambao uzi unakaa nyuma ya sindano. Mshono wa kinyume, uzi unakaa mbele. Ukifuma wazi kila mstari, pande zote mbili hutoa matuta, na kila tuta moja ni mistari 2. Tutahesabu matuta, maana yanaonekana kwa macho hata ukirudi kazini baada ya wiki.

Sasa kipande cha kupimia. Anzisha mishono 28, fuma wazi kila mstari mpaka ufikie sentimita 12, kifue, kikaushe, ndipo upime katikati. Sentimita 10 ziwe na mishono 22 kwa upana na matuta 22 kwa urefu. Ukipata mishono 24, unakaza. Nenda sindano ya milimita 4.5. Ukipata 20, unalegeza, shuka 3.75. Kupima kabla ya kufua ni kujidanganya, hasa kwa pamba, kwa sababu hutanuka ikishalowa.

Saizi

Vipimo vya mwili, kwa wastani: mtoto aliyezaliwa ana kichwa cha sentimita 34 hadi 35 kwa kuzunguka, na kifua kama hicho au pungufu kidogo. Miezi 3 ni 40. Miezi 6 ni 43. Mwaka ni 46 hivi, kichwa na kifua vikikaribiana. Tazama mwendo wenyewe: miezi mitatu ya kwanza kichwa kinaongezeka kwa sentimita 5 au 6, na mitatu inayofuata 3 tu. Ndiyo maana kufuma kwa saizi ya kuzaliwa ni kufumia wiki chache.

Kofia ifumwe ndogo kuliko kichwa kwa sentimita 4, ishike. Sweta liwe kubwa kuliko kifua kwa sentimita 6 hadi 8, kwa sababu ndani yake kutakuwa na nguo nyingine.

Hesabu na muda pia. Blanketi hili lina mishono zaidi ya 54,000. Mfumaji wa kawaida anayefuma mishono 20 kwa dakika atatumia saa 45. Kwa saa moja kila jioni, ni mwezi na nusu. Sweta ni saa 15 au 16. Kofia humalizika kwa jioni tatu au nne. Rafiki akiwa mwezi wa nane wa ujauzito na hujaanza, fuma sweta na kofia, blanketi liache.

Blanketi la kuanzia pembeni

Hili linaanza kwenye pembe moja na kuishia pembe ya mkabala. Halihitaji kipimo sahihi, na unaweza kulifuma kwa uzi ulio nao bila hofu ya kuishiwa.

Anzisha mishono 4, fuma mstari mmoja wa wazi. Kuanzia hapo kila mstari ni huo huo: fuma wazi mishono 2, zungusha uzi mara moja juu ya sindano, fuma wazi mpaka mwisho. Kila mstari unaongeza mshono mmoja, na pembeni panatokea safu ya vitundu vidogo ambavyo ndivyo urembo wake.

Endelea mpaka ukingo wa mshazari, si upana wa juu, ufikie sentimita 75. Hapo utakuwa na mishono kama 233. Kama una mizani ya jikoni, pima uzi kabla ya kuanza, na ikishatumika nusu kasoro gramu 10, geuka. Nusu ya pili inakula kiasi kile kile.

Kupunguza, kila mstari: fuma wazi 1, fuma 2 kwa pamoja, zungusha uzi, fuma 2 kwa pamoja, wazi mpaka mwisho. Ikibaki mishono 4, funga.

Kosa la kawaida ni kusahau kuzungusha uzi. Nusu ya kwanza utaliona kwenye ukingo: pana pengo ambapo kitundu hakipo. Mstari unaofuata, ukifika mahali hapo, inua uzi uliolala kati ya mishono miwili, uuweke sindanoni, uufume. Nusu ya pili ukisahau, unapunguza mara mbili na ukingo unapinda ndani. Hilo halifunikwi, fumua mstari mmoja urudi.

Donge jipya liunge ukingoni, si katikati, na uache mkia wa sentimita 15 pande zote mbili. Fundo usifunge hata kama duka limekuuzia uzi wenye fundo ndani. Fundo hufunguka baada ya kufuliwa mara kumi na kuacha tundu. Ukilikuta, likate na uunge upya.

Aliye na sindano za kawaida za sentimita 35 afume mikanda mitatu. Kila mmoja mishono 55, matuta 165, kisha aishone pamoja tuta kwa tuta. Hesabu matuta, usitumie futi ya cherehani kulinganisha mikanda: kitambaa hiki hunyooka mkononi, mikanda miwili "sawa" inaweza kutofautiana matuta manane.

Sweta la kipande kimoja

Linaanzia chini mgongoni, linapanda, linapita mabegani na kushuka mbele pande mbili. Mishono ya kushona ni miwili tu, ya ubavu na mkono. Kifua kikikamilika ni sentimita 50, urefu 26. Linafunguka mbele, na hilo lina maana siku za chanjo za wiki ya 6, 10 na 14: mtoto anashikwa mapajani mwa mama, sindano hupigwa pajani, na sweta fupi la kufunguka halimsumbui mhudumu. Wazi kila mstari, sindano za milimita 4.

1. Anzisha mishono 55. Fuma matuta 35, kama sentimita 16.
2. Mikono: mwanzoni mwa mstari unaofuata ongeza mishono 35, fuma mpaka mwisho. Mwanzoni mwa ule wa pili ongeza 35 tena. Sasa ni 125. Iongeze kwa kufuma mshono na kuurudisha sindanoni, si kwa kuviringisha kitanzi kidoleni. Vitanzi huacha ukingo wa mkono ukining'inia.
3. Fuma matuta 22, sentimita 10. Hapo ni begani.
4. Shingo: fuma 50, funga 25 za katikati kwa sindano nene zaidi (milimita 5), fuma 50. Upande mmoja uuweke kwenye uzi wa rangi nyingine au pini kubwa ya kufungia.
5. Upande wa kwanza wa mbele: fuma matuta 4 bila kuongeza. Kisha ongeza mshono 1 upande wa shingo kila mstari wa pili, mara 6, kwa kufuma mshono mmoja mara mbili, mbele yake na nyuma yake, kabla hujaushusha. Una 56. Mwanzoni mwa mstari unaoanzia shingoni ongeza 9 kwa mpigo. Ni 65.
6. Endelea mpaka ufikishe matuta 22 kutoka begani. Mstari unaoanzia upande wa kiganja, funga mishono 35 ya mkono. Zinabaki 30.
7. Fuma matuta 35 na ufunge, bila kukaza.
8. Rudi upande wa pili, fanya vilevile. Upande mmoja utatofautiana na mwingine kwa mstari mmoja, kwa sababu mwanzo wa mstari hauko upande ule ule. Haionekani, usiihangaikie.

Vitundu vya vifungo viwekwe kwenye upande mmoja tu wa mbele, kwenye tuta la 2, la 10 na la 18 baada ya zile 9 za shingoni. Ukiwa umebakiza mishono 4 kufika ukingoni, zungusha uzi, fuma 2 kwa pamoja, fuma 2. Kitundu hicho kinapitisha kifungo cha milimita 10 hadi 12. Chini ya hapo usiweke kifungo. Nepi inahitaji nafasi.

Upana wa mkono, ukiuzunguka, ni sentimita 20. Utaonekana mpana ukiwa mezani, lakini kuingiza mkono wa mtoto anayekunja ngumi kwenye tundu jembamba ni kazi ya watu wawili. Pindo hukunjwa nje, na mtoto akikua hukunjuliwa.

Kinachowashinda wengi hapa ni idadi ya mishono kuongezeka yenyewe. Sababu ni mbili. Ya kwanza, mwanzoni mwa mstari uzi unavutwa juu ya sindano, na mshono wa kwanza unaonekana kama miwili; unafuma yote miwili. Uzi uvutwe chini, mbele, kabla ya kuupeleka nyuma. Ya pili, uzi umebaki mbele katikati ya mstari na kuzaa kitanzi cha ziada chenye tundu chini yake. Hesabu kila baada ya matuta matano. Ukigundua baada ya ishirini, utafumua ishirini.

Kofia

Kwa miezi 3 hadi 6 anzisha mishono 84 kwa sindano za milimita 3.25. Fuma 2 wazi, 2 kinyume, mpaka sentimita 4. Mistari ya kurudi fuma kila mshono kama unavyokutazama: ulio wazi uwe wazi, wa kinyume uwe kinyume. Hamia milimita 4, mstari mmoja wazi na mmoja kinyume, mpaka sentimita 10 kutoka mwanzo, ukiishia na wa kinyume.

Kupunguza: fuma 10, 2 kwa pamoja, rudia mara 7 (zinabaki 77). Rudi kinyume. Fuma 9, 2 kwa pamoja, rudia (70). Rudi kinyume. Endelea hivyo, ukipunguza mshono mmoja kwenye namba ya kwanza kila safari, mpaka ufikie "fuma 5, 2 kwa pamoja", na zibaki 42. Rudi kinyume. Fuma mbili mbili mpaka mwisho (21), rudi kinyume, fuma 1 na kisha mbili mbili (11). Kata uzi, upitishe kwenye zote 11 mara mbili, vuta, shona ubavu kushuka chini.

Kwa mtoto mchanga anzisha 70, anza kupunguza kwenye sentimita 8.5 kwa "fuma 8, 2 kwa pamoja". Hii ndiyo saizi pekee ya kuzaliwa tunayoishauri, kwa sababu inafumwa haraka na mtoto anaivaa tangu siku ya kwanza.

Kichwani usiweke kishungi cha nyuzi. Hunyonyoka, na hakuna mtoto wa miezi 6 asiyekitafuna.

Soksi, kwa ufupi

Usifume kisigino. Kwa sindano nne za milimita 3.25 zenye ncha pande mbili, anzisha mishono 36, 12 kwenye kila moja kati ya tatu. Zungusha 2 wazi, 2 kinyume mpaka sentimita 14, kisha fuma mbili mbili mzunguko mzima, tena mbili mbili, upitishe uzi kwenye 9 zilizobaki na kuvuta. Soksi isiyo na kisigino inakaa kwenye mguu wowote na haivuki upesi.

Kumalizia, na mambo ya hatari

Mkia wa uzi uupitishe ndani ya mishono sentimita 4 upande mmoja, kisha urudi sentimita 2 upande wa pili, ndipo ukate. Ukipeleka upande mmoja tu, mkia hujitokeza baada ya kufuliwa. Ndani ya mikono na soksi hili si la urembo: uzi uliolegea hujizungusha kwenye kidole cha mtoto, ukakaza, ukazuia damu, na mtoto analia bila mtu kujua sababu. Kwa sababu hiyo hiyo usifume michoro ya rangi mbili inayoacha nyuzi ndefu zikipita ndani ya mkono.

Blanketi lenye vitundu vya kuingia kidole linamfaa mtoto wa miaka miwili, si kichanga. Vile vitundu vya pembeni tulivyoeleza ni vidogo, lakini kama unalegeza sana mkono na vimekuwa vipana, shuka sindano moja.

Kamba ya kufungia shingoni hapana, wala utepe. Vifungo viwe bapa, na ushone kila kimoja na kifungo kidogo cha pili nyuma ya kitambaa, uzi wa cherehani wa poliesta ukikunjwa mara nne. Kisha kivute kwa nguvu zako zote. Kikitoka, ni afadhali kimetokea mkononi mwako.

Jambo moja umwambie mama mwenyewe: blanketi ni la kumbebea, la boda, la kliniki, la kumlaza sakafuni akiwa macho huku anatazamwa. Mtoto wa chini ya mwaka halazwi usiku na blanketi lililo huru, kwa sababu linaweza kumfunika uso.

Kufua kabla ya kufunga zawadi

Fua kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, bila dawa ya kung'arisha. Bonyeza, usisokote. Kunja ndani ya taulo, kanyaga taulo maji yatoke, kisha litandaze bapa ndani ya nyumba juu ya taulo kavu, ulivute taratibu mpaka vipimo vikae sawa. Ukilitundika kwenye kamba likiwa bichi, uzito wa maji hurefusha mikono, na pamba haisamehi. Msimu wa mvua pamba inaweza kuchukua siku mbili; ligeuze kila asubuhi, likinuka uvundo lifue tena.

Ikiwa vazi la akriliki limewahi kukaukia nje na haliwezi kupigwa pasi, liweke kando wiki mbili na zaidi kabla ya kumvisha mtoto, maana funza wa nzi wa embe asiyepata ngozi hufa ndani ya muda huo.

Ndani ya mfuko weka mita 5 za uzi uleule, kifungo kimoja cha akiba, na kikaratasi. Kikaratasi kiandikwe kwa lugha ya anayefua. Kama ni dada wa kazi anayesoma Luganda, andika Luganda. Maneno yanatosha haya: "Pamba. Maji ya vuguvugu. Usisokote. Tandaza ndani. Pasi ruksa." Kwa akriliki mstari wa mwisho uwe "Usipige pasi kabisa", na uupigie mstari chini mara mbili.